Bahasha Niliyowatunzia

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nitajisifu mahali popote katika maelezo haya. Watu wa Goma wana sifa ya kuzoea kila kitu, volkano, risasi, mabwana wapya wa mji. Mimi sijazoea hata kimoja. Pikipiki ikipasua mlio barabarani, mimi ndiye wa kwanza kulala chini, na watoto wangu wamejifunza kunicheka huku nao wanalala.

Rafiki yangu hakuwa hivyo. Tulikaa benchi moja miaka mitatu katika chuo cha ualimu, na tangu siku zile yeye alikuwa wa kusema "twende" na mimi wa kusema "ngoja kwanza". Aliolewa na mwalimu mwenzetu, mwanaume mrefu na mpole, aliyefundisha Kifaransa miaka minane katika shule iliyo ubavuni mwa kambi ya jeshi ya Katindo. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa wanajeshi. Nusu ya mtaa ule walimwita "Maître", yaani mwalimu, na walimtambua kwa mwendo wake hata kabla hawajamwona uso.

Siku waliponiambia kwamba wamepata kazi Uchina, wote wawili, kufundisha Kifaransa katika shule ya binafsi ya watoto wadogo, niliomba kiti. Tulikuwa kwa rafiki yetu wa tatu, mjane mmoja fundi wa kushona, ambaye kibanda chake kiko Birere. Yeye hakuomba kiti. Aliendelea kukanyaga cherehani, akasema bila kuinua kichwa: "Kule banakataka batu figo. Mutaenda na figo mbili mbili, mutarudi na moya moya."

"Basi moya itabaki," akajibu Maître. "Inatosha."

Tulicheka wote, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba hawa watu tunawazika. Aliniambia ninyamaze, kwamba mimi hata mtu akienda Sake kununua jibini namlilia.

Hapa ni lazima nieleze desturi yetu moja. Katika mji huu familia nyingi za walimu na makarani hazitunzi karatasi zao wenyewe. Tuliona volkano ikishuka, watu wakikimbia na godoro kichwani, diploma zikabaki ukutani na kuungua pamoja na ukuta. Tangu hapo tunabadilishana bahasha. Anayekaa upande wa mlima anaziweka karatasi zake kwa anayekaa upande wa ziwa, na wa ziwa anatafuta mtu wa mahali pengine, kwa hesabu kwamba moto mmoja hauwezi kula nyumba mbili zilizo mbali hivyo. Rafiki yangu na mumewe walikaa Majengo, kwenye njia ya mlima, kwa hiyo bahasha yao niliitunza mimi huku Himbi. Yetu ilikuwa kwa fundi. Ya fundi ilikuwa kwa dada yake Butembo.

Wakala aliyewatafutia kazi aliwaambia wasafiri na karatasi za asili. Wao walisafiri na nakala zenye muhuri wa ofisi, karatasi za asili wakaniachia mimi. Mgeni angeona ni upumbavu. Sisi tuliona ni busara, maana mtu wa Goma habebi karatasi zake zote katika njia moja. Nilimpongeza rafiki yangu kwa uamuzi ule. Nakumbuka vizuri kwamba nilimpongeza.

Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa, tulikusanyika kwenye kibanda cha fundi kusikiliza sauti zao. Walitufundisha kutumia programu ya Wachina kwenye simu, kwa kuwa ile yetu haikushika kule. Mume wangu aliegemeza simu kwenye rundo la vitenge, na sisi tukasogeza vichwa. Walituambia wanakaa ghorofa ya kumi na tisa. Walituambia watoto wa miaka minne wanasugua mkono wa Maître kuona kama rangi inatoka. Kila asubuhi anasimama kwenye lango la shule, anainama kwa wazazi mmoja mmoja, na wazazi wanampiga picha. Siku ya sherehe walimvika nguo ya jogoo, yenye manyoya na kilemba chekundu, akacheza mbele ya watu.

"Maître muzima, na diplôme yake!" fundi alipiga mapaja. "Banamuvalisha jogoo!"

Rafiki yangu alisimulia kwamba ndani ya lifti watu hawasalimiani. Yeye aliwasalimu kwa nguvu mwezi mzima, kila aliyeingia na kila aliyetoka, mpaka bibi mmoja wa ghorofa ya saba akaanza kumjibu, na baadaye kumletea mikate ya mvuke. Hadithi hiyo tuliipenda sana. Lakini kuna Jumapili nyingine zilitukera. Mara moja alilalamika kwamba mashine ya kupasha nyumba joto imeharibika siku mbili, kwamba wanateseka, kwamba mwenye nyumba hana adabu. Sisi wakati huo hatukuwa na umeme kwa wiki ya tatu. Fundi alichukua simu, akabonyeza, akasema, "Mama, tukutumie makala?" yaani makaa ya kuota, kisha akaituma sauti hiyo kabla hatujamzuia.

Nilikuwa na wivu, sitaficha. Na bado niliwaogopea. Kila ujumbe wangu niliumaliza kwa neno lile lile, "Murudi. Inatosha, murudi." Sikuwa nafikiri tena ninapolisema.

Kisha ikafika zamu yetu ya kuogopewa.

Kwanza waliingia watu wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, waliokuwa wamekimbia mara mbili tayari, wakibeba maturubai ya vibanda vyao mgongoni. Halafu mlio wa mabomu ukatoka upande wa Sake, siku kadhaa, mbali. Halafu ukafika Lac Vert, na Lac Vert si mbali. Sauti kutoka Uchina zilikuwa zinaingia kila saa. "Uko wapi? Batoto bako wapi? Jibu ata neno moya." Hata Maître, ambaye hajui kupandisha sauti, nilimsikia akiuliza habari za mama yake mzazi anayekaa Keshero, na sauti ikamkatikia katikati. Nilimjibu kwamba mama yake yuko salama. Sikujua kama ni kweli. Baada ya hapo mtandao ulikatika.

Siku nne tulilala chini ya meza, magodoro yameziba madirisha isipokuwa godoro moja tulilowalazia watoto. Tulikula unga uliokorogwa kwa maji baridi. Sina mengi ya kusema juu ya siku zile, maana niliziba masikio na kufumba macho, nikasali sala za utotoni kwa sababu zile za watu wazima zilinipotea. Mume wangu ndiye aliyehesabu mabomu. Siku ya tano kukanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko yote.

Mji ulikuwa umepata mabwana wapya, na jeshi la serikali lilikuwa limekimbia. Asubuhi ile habari ilipita kutoka lango hadi lango: watu wanapekuliwa, mwenye kitu chochote cha jeshi atakiona. Kwenye mtaro wa mtaa wetu ziliota suruali za kijeshi, buti, kofia, na hakuna aliyejua ni za nani. Mume wangu alichukua madumu akaenda ziwani kutafuta maji, kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka. Nilibaki na watoto na sufuria ya maharagwe juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Nilikuwa nakoleza moto nilipokumbuka bahasha.

Ilikuwa chini ya godoro la watoto. Siku nne zote walikuwa wamelala juu yake.

Niliichomoa nikaifungua. Cheti cha kazi cha Maître kilikuwa juu kabisa: miaka minane, na chini yake muhuri wa mviringo wa kambi iliyosimamia shule ile, mkubwa, wa buluu, unaosomeka hata na mtoto. Nyuma ya cheti kulikuwa na picha. Ni siku ya kugawa zawadi za wanafunzi, na yeye amesimama katikati ya maofisa watano wenye sare, anatabasamu.

Nilitafuta pa kuficha. Goma huwezi kufukia kitu. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, ukipiga jembe linarudi usoni. Darini ndiko wanakoanza kupekua. Nilifikiria choo, nikaona karatasi zikielea. Niliingiza bahasha ndani ya mfuko wa unga, nikaitoa. Niliifunga tumboni kwa kitenge, nikaifungua. Ndipo nikasikia lango la bati linagongwa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Halafu la nyumba ya pili. Kugonga kwa ngumi, bila kusema jina.

Niliweka picha kwanza. Halafu cheti. Baada ya hapo sikuchagua tena. Diploma yake, diploma ya mkewe, vyeti vya kazi vya mkewe, cheti cha ndoa, vyote vilipita chini ya sufuria ile, pamoja na mifuko ya plastiki waliyovihifadhia. Moshi ulikuwa mweusi. Binti yangu alisimama mlangoni akaziba pua, akidhani ni maharagwe.

"Mama, madesu inaungua?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Inaungua. Kaa ndani."

Lango letu halikugongwa. Kesho yake nilijua aliyekuwa akigonga: shemeji wa jirani, aliyetoka Lac Vert kwa miguu na mtoto mgongoni, akitafuta nyumba ya ndugu yake ambayo hakuikumbuka vizuri. Alikuwa hasemi jina kwa sababu alikuwa amekaukwa na sauti. Kwenye mtaa wetu hakuna aliyekuja kupekua, siku ile wala siku zilizofuata. Mume wangu aliporudi na maji alinusa maharagwe, akanitazama, akala. Sikumwambia kitu.

Mtandao uliporudi, tulilia kwenye simu, sisi huku na wao kule, mpaka fundi akasema tunamaliza vocha kwa kamasi. Baada ya wiki chache rafiki yangu akatuma ujumbe mwingine, wa kawaida kabisa. Mkataba wao unaongezwa. Ofisi ya wageni safari hii haitaki nakala, inataka vyeti vya kazi vya asili, mwisho wa mwezi ujao. "Tafuta mutu wa kupitia Gisenyi, atume kutoka Kigali. Iko kwako, sindiyo?"

Niliandika, "Iko."

Neno lile lilinila. Wiki ya kwanza nilisema njia hazieleweki. Wiki ya pili nilisema naogopa kupita na karatasi kwenye mpaka, jambo ambalo kila mtu aliliamini upesi, kwa kuwa wananijua. Wiki ya tatu nilisema nina malaria. Nilianza kuogopa simu yangu mwenyewe. Ikilia nilikuwa natoka uani, naiacha mezani, nasimama karibu na mtaro mpaka inyamaze. Nikampenda rafiki yangu zaidi kuliko wakati wowote, na nikatamani asinipigie tena.

Fundi ndiye aliyenibana. Tangu vita hatukuwa tumekutana Jumapili hata moja. Yeye alisema kibanda kimevunjwa mlango, mimi sikuuliza zaidi. Alhamisi moja alinitokea nyumbani, jasho linamtiririka. Alikuwa amepata mama mmoja mfanyabiashara anayevuka kwenda Kigali siku ile ile.

"Leta anvelope. Yule mama anaondoka saa nane."

"Haiko."

"Haiko namna gani?"

"Niliichoma."

Alikaa kizingitini. Nilimweleza yote, muhuri, picha, ngumi kwenye lango, nikingoja anitukane, na nadhani nilitaka anitukane. Alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akacheka kicheko kibaya.

"Na yenu pia," alisema.

"Yetu nini?"

"Anvelope yenu. Niliichoma siku ile ile. Mule mulikuwa carte de service ya bwana yako, ya ile wakati alikuwa anatumika kwa bureau ya serikali. Birere bo balikuwa banapekua kweli. Nifanye nini?"

Nilisimama nikapiga kelele. Diploma yangu! Miaka mitatu ya benchi! Nilimwita mjinga, nilimwambia angeitoa kadi ile ya kazi peke yake akaacha nyingine, na nilikuwa nayasema hayo kwa mdomo wangu huu. Aliniachia nimalize. Halafu nikaelewa kwa nini alikuwa ananikwepa Jumapili, naye akanielewa mimi, na tukakaa pale kizingitini, wanawake wawili wenye akili zao.

Tulijaribu kurekebisha kabla ya kusema. Cheti cha rafiki yangu kilipatikana kwa siku mbili. Alikuwa amefundisha shule ya masista, na sista mkuu aliandika kingine bila kuuliza maswali mengi. Cha Maître hakikuwezekana. Shule yake ilikuwa imefungwa, mkurugenzi alikuwa amekimbia na simu yake haiiti. Na ule muhuri wa mviringo, nani angeupiga sasa? Nani angekwenda hata kuuliza ulipo?

Jumapili tulipiga simu ya picha. Mchana kwetu, kwao jioni. Fundi alikaa karibu nami akanishika kiganja, kwa mapenzi au ili nisikimbie, sijui. Maître ndiye aliyeitika, amevaa sweta, nyuma yake rundo la michoro ya watoto mezani. Nilisema kwa pumzi moja. Nilisema kwamba niliichoma, kwamba nilidanganya wiki tano, kwamba malaria haikuwepo. Cha mkewe kipo, cha kwake hakipo na hakitakuwepo.

Alivua miwani. Rafiki yangu akaingia kwenye picha kutoka upande, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Uliogopa sana?"

"Sana."

"Ata miye ningechoma."

Ni uongo. Yeye asingechoma. Angeifunga kifuani na kwenda kufungua lango mwenyewe. Lakini alilisema, na nitamshukuru kwa uongo huo maisha yangu yote.

Maître alikuwa bado anafuta miwani yake kwa pindo la sweta. "Basi miye ntarudia Goma," alisema. "Yeye abakie, mkataba wake unaendelea. Visa yangu inaisha tarehe ya mwisho ya mwezi huu."

"Apana. Usirudi," nilimwambia. "Papa, usirudi huku."

"Ntaenda wapi? Kampala ntakaa kwa nani? Na mama iko Keshero peke yake, anakatala kutoka."

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichofanya. Nilikuwa nimechoma jina la mtu lisionekane nyumbani mwangu, na sasa mwenye jina anakuja mwenyewe, na sura yake, na urefu wake, na ule mwendo ambao nusu ya Katindo wanaujua. Nililia, na fundi naye akalia, na Maître akatutuliza sisi kwa sauti ile ile ya darasani.

Halafu akauliza njia gani inapitika. Niliacha kulia, kwa sababu hilo nalijua. Watu waoga tunajua njia zote. Nilimwambia ashuke Kigali, achukue basi la asubuhi, afike Gisenyi mapema kwa kuwa mpaka unafungwa mapema sasa. Begi moja. Afute picha kwenye simu, zote, hata za jogoo. Hapana, za jogoo aziache. Asivae kofia. Asipite Katindo, mume wangu atamsubiri na kumpitisha njia ya ziwa.

"Bakikuuliza kazi, sema mwalimu," nilimwambia. "Bakikuuliza ulifundishaka wapi, sema Chine."

"Na mbele ya kwenda Chine?"

"Mbele ya Chine hakuna kitu. Ulikuwa ukisoma. Ulikuwa mugonjwa. Sema unayotaka, lakini ile miaka munane, papa, haikuwe."

Alikuwa anaandika. Mwalimu ni mwalimu, hata maneno ya kujiokoa lazima ayaandike. Nilisikia kalamu inapita kwenye karatasi, kule ghorofa ya kumi na tisa, taratibu, mstari kwa mstari. Nikamwambia akishaikariri, na hiyo karatasi aichome.